Kujifunza Gitaa katika Nchi ya Rungwe: Habari za Walimu Watatu

Gitaa si ala iliyozaliwa Rungwe. Lilikuja kutoka mbali, kama chai iliyopandwa katika miteremko ya Katumba, na kama vitu vingine vingi vya kigeni lilikaribishwa likakaa, hata leo kijana wa Tukuyu alipakatapo hadhani kwamba amepakata kitu cha wageni. Habari za ala yenyewe zimekwisha kuandikwa na watu wengi. Habari zilizoandikwa kwa uchache ni za kujifunza kwake: nani alimwonyesha mwanafunzi mahali pa kuweka vidole, kwa njia gani, na mwanafunzi alipokosea nani alimsahihisha? Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini ala ya muziki haihami peke yake. Huhama pamoja na namna ya kufundishwa, na namna hiyo ndiyo iamuayo kama muziki utakaotoka utakuwa wa mpigaji mwenyewe au wa mtu mwingine.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mwanafunzi wa gitaa katika Rungwe na nchi jirani zake amepata walimu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni mwenzi aliyeketi ubavuni pake. Wa pili ni santuri, pamoja na ndugu yake redio. Wa tatu ni video ya mafunzo, ambayo siku hizi hutazamwa katika simu ya mkononi. Kila mmoja wao alitoa jambo moja akanyima jingine, na mwanafunzi asiyejua alichonyimwa hudhani amepewa vyote.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Tukuyu uko juu ya kilima kusini ya mlima Rungwe, kilomita zipatazo 70 kutoka Mbeya, katika njia iteremkayo kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, wakaufanya makao ya utawala wao wa wilaya. Kabla ya hapo, mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake wa Kanisa la Moravian walikuwa wamekwisha fungua kituo cha misheni Rungwe. Wamoravian ni watu wa nyimbo, na huko kwao Ulaya kanisa lao lilikuwa na mapokeo ya kale ya vikundi vya tarumbeta. Muziki wa misheni ulikuwa na kitabu, saa ya mazoezi na mwalimu aliyesimama mbele. Mwimbaji alipewa sauti yake, naye alipoikosa alisahihishwa palepale.

Gitaa halikuingia kwa mlango huo. Lilikuja kwa mlango wa kazi. Nchi ya Rungwe ina mvua nyingi na udongo mzuri, lakini kodi ya utawala wa kikoloni ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Katika miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 ni Zambia. Na wengine walifika hata migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Safari hizo za kusini ziliendelea mpaka wakati wa Uhuru wa 1961, ndipo serikali mpya ya Tanganyika ikafunga mlango wa kuwaajiri watu kwa migodi ya makaburu. Mtu aliyekaa mgodini mwaka au miaka miwili aliishi kambini pamoja na watu wa makabila mengi, kutoka Katanga, Unyasa, Ubemba na kwingineko, na jioni zao zilikuwa za ngoma, nyimbo na nyuzi. Katika nchi zote zilizopeleka watu migodini, mablanketi, nguo, baiskeli, gramafoni na gitaa vilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wachimbaji walirudi navyo nyumbani.

Huko kambini ndiko tunakomkuta mwalimu wa kwanza. Hapakuwa na shule, wala kitabu, wala ada. Aliyejua alipiga, na asiyejua alikaa karibu akatazama. Ndivyo ilivyokuwa pia katika nchi jirani ya Malawi, ambako habari za Daniel Kachamba na mdogo wake Donald zimehifadhiwa vizuri. Daniel alizaliwa 1947, Donald 1953. Mdogo alianza kwa filimbi, kisha akajifunza gitaa kwa kaka yake, na wote wawili wakawa mafundi waliojulikana hata Ulaya. Mahali ambapo gitaa la dukani halikupatikana, watoto walijitengenezea lao kwa kopo la mafuta, ubao, na waya wa breki ya baiskeli. Penseli iliyofungwa kwa mpira juu ya shingo ya gitaa ilitosha kupandisha sauti ya nyuzi zote kwa mara moja. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake si kumcheka asiyeweza kusana. Maana yake ni kwamba aliye karibu na moto hatakosa kazi ya kufanya, na katika kuvukuta macho yake huona mengi.

Kwa Wanyakyusa jambo hili lilikuwa na msingi mpana kuliko muziki. Wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya kazi yao miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu juu ya vijiji vya marika vya nchi hiyo. Vijana wa kiume walipofika umri wa miaka kama kumi waliondoka kulala katika kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzi wa rika lao, nao wakaendelea kuwa majirani hata walipooa na kuwa wazee. Neno lililobeba maana ya maisha hayo lilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi, kula nao, kuzungumza nao na kufurahi nao. Lakini ukwangala haukuwa raha tupu. Ulihesabiwa kuwa ni shule. Mtu alipata adabu na busara kwa kukaa na wenziwe, na aliyejitenga alidhaniwa kuwa hana akili au ana nia mbaya.

Msomaji auone basi uzito wa mwalimu wa kwanza. Mwenzi aliyeketi ubavuni alitoa vitu vitatu kwa pamoja. Alitoa mkono wake utazamwe. Alitoa sauti yake isikiwe. Na, jambo lililo kubwa kuliko yote, alitoa sikio lake: alimsikia mwanafunzi, akacheka alipokosea, akakishika kidole kilichopotea na kukirudisha mahali pake. Alichonyima kilikuwa kimoja tu. Hakuweza kufundisha zaidi ya alivyojua mwenyewe, wala hakuweza kufika mahali ambapo miguu yake haikumfikisha.

Mwalimu wa pili aliziba upungufu huo. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kutoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, ambao ulileta Afrika muziki wa Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sahani hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Mashine yenyewe ilijazwa kwa mkono na haikuhitaji umeme, kwa hiyo ilifika mahali ambapo umeme ulichelewa miaka mingi. Katika miji ya Tanganyika vikundi vya dansi viliota kama uyoga: Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932, Morogoro Jazz katika miaka ya 1940, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah huko huko Morogoro, ambayo jina lake lenyewe latosha kuonyesha mwalimu wake alikuwa nani.

Kisha zikaja sahani za watu wa karibu zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kunasa sauti, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana wa Katanga aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake wa Masanga ulitoka katika sahani za Gallotone na kusikika mbali sana. Mwenda alipiga nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika sauti nzito na shahada ikicheza juu yake, hata msikilizaji adhani kuwa wapigaji ni wawili. Tena aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo maneno yake hayakumpita mtu wa Tanganyika. Baadaye yeye na Edouard Masengo walifika Nairobi, na sauti ya vidole viwili ikaenea Afrika Mashariki yote. Kampuni hiyohiyo ya Gallo iliuza magitaa yaliyotengenezwa Afrika Kusini, ya bei ndogo, na moja la jina la Gallotone lilifika Liverpool, likawa gitaa la John Lennon alipokuwa kijana mwaka 1957. Hivyo katika miaka ileile kijana wa Liverpool na kijana wa migodini waliweza kupakata ala iliyotoka katika kiwanda kimoja.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Umbo lake lilikuwa kama sufuria, na watu wakaiita kwa jina hilo. Bei yake ilikuwa paundi 5, na betri peke yake shilingi 25. Idhaa ya Lusaka ilipiga nyimbo za magitaa ya migodini, na mawimbi mafupi hayasimami mpakani kuonyesha cheti. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ikaanza, nayo mwishowe ikawa Radio Tanzania, idhaa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo mlango wa pekee wa bendi za nchi nzima kusikika. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944 na kufa ajalini 1979, alisikika Tukuyu kama alivyosikika Tanga.

Je, mwalimu huyu alinyima nini? Alinyima mkono. Santuri haina vidole. Mwanafunzi alisikia sauti ikipanda na kushuka, lakini hakuona ni uzi gani uliopigwa, wala kwa kidole kipi, wala shingo ya gitaa ilikamatwa wapi. Alinyanyua sindano akairudisha mwanzo, mara kumi, mara ishirini, mpaka sahani ikaanza kukwaruza. Kwa upande wa redio hata hilo halikuwezekana: wimbo ulipita mara moja, na aliyeukosa aliungoja mpaka mtangazaji apende kuupiga tena. Katika miaka hiyohiyo kijana wa Uingereza aliweza kununua kitabu cha Bert Weedon, kilichotoka 1957 na kuchorwa vidole vyote mahali pake. Kijana wa Rungwe alikuwa na sikio lake tu.

Lakini hapa pana jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulitazama kwa makini. Upungufu huu ulizaa. Katika rumba ya Kuba sehemu nyingi zilizorudiarudia zilipigwa kwa piano, au kwa ala ya nyuzi iitwayo tres. Msikilizaji wa Léopoldville au wa Morogoro, ambaye hakuwa na piano wala tres, wala hakumwona Mkuba akipiga, aliitafuta sauti ile katika gitaa lake. Aliipata mahali pengine, kwa mshiko mwingine, na alipokuwa akiitafuta alipata na sauti nyingine ambazo Mkuba hakuwa nazo. Magitaa yakagawana kazi, moja la solo, moja la ridhimu, moja la besi, na ukatokea muziki ambao Havana haikuujua. Laiti vijana wale wangaliona kila kidole cha Mkuba, huenda wangalipiga kama Mkuba, basi. Kutoona kuliwalazimisha kubuni.

Tusilitukuze giza, hata hivyo, kwa sababu lilikuwa na hasara zake. Mwingereza mmoja, John Low, aliyependa sana magitaa ya Katanga, alifunga safari mwaka 1979 mpaka Shaba, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule, akaketi na Mwenda, Losta Abelo na Masengo, na taarifa ya safari yake ikachapishwa Vienna mwaka 1982. Miaka kadhaa baadaye Mmarekani Elijah Wald naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda, mwaka 1990, mwaka ambao Mwenda alifariki. Watu hawa walitoka katika nchi zenye santuri, vitabu na vyuo vya kila namna. Wangeweza kuridhika na sauti. Walivuka bahari kwa sababu waliona kwamba kuna jambo ambalo sahani haisemi, nalo ni mkono wa mpigaji. Walikwenda kumtafuta mwalimu wa kwanza.

Mwalimu wa tatu hakuanza na simu, kama vijana wengi wanavyodhani. Wazo la kuukamata mkono katika picha ni la zamani, na moja ya kazi za awali zilizofanywa kwa ajili ya muziki wa Afrika lilifanyika si mbali sana na kwetu. Mwaka 1962 Gerhard Kubik, mtaalamu kutoka Austria, alikuwa kaskazini ya Msumbiji akitazama marimba iitwayo mangwilo. Wapigaji wawili hupiga marimba moja wakikabiliana, na mikono yao huingiliana upesi hata sikio haliwezi kuwatenganisha. Kubik aliwapiga picha za sinema, kisha akazisoma picha moja baada ya moja, akiandika kila fimbo ilipogonga ubao. Matokeo yake yalichapishwa 1965. Baadaye alifanya hivyo kwa wapiga gitaa pia, na mwaka 1995 ilitolewa Marekani kanda ya video yenye picha alizokusanya tangu 1966 mpaka 1993, za wapiga gitaa wa peke yao kutoka Kongo, Uganda, Malawi, Zambia na kwingineko. Mkono ambao santuri iliuficha ukaonekana tena.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa na mafunzo ya namna nyingine. Katika miaka ya 1960 Laura Weber alifundisha gitaa kwa televisheni ya San Francisco. Mwaka 1967 Happy Traum na mkewe Jane walianza kuuza masomo yaliyonaswa katika kanda za sauti, na baadaye wakaingia katika kanda za video. Sisi tulichelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo mikanda ya video ya wanamuziki wa Zaire ilikuwa imekwisha enea mijini, lakini mikanda ile haikuwa masomo. Mpiga picha alipenda wachezaji kuliko wapigaji. Kamera ilipogusa shingo ya gitaa iliondoka kabla mwanafunzi hajahesabu vidole.

Mambo yalibadilika kwa haraka katika miaka michache. Mwaka 2003 Justin Sandercoe, mzaliwa wa Australia, alifungua katika intaneti darasa la gitaa lisilo na ada. Mwaka 2005 ikaanza YouTube. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa wa mawasiliano ukaanza kupelekwa mikoani. Baada ya hapo simu zenye kioo zikashuka bei. Shule za muziki zilibaki mbali: kutoka Tukuyu mpaka chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Lakini somo la gitaa sasa lilikuwa ndani ya mfuko wa shati.

Tumfikirie kijana mmoja wa Katumba, ambaye si mtu fulani bali ni mfano wa wengi. Jioni, baada ya kazi ya chai au ya migomba, huketi kitandani, gitaa mapajani, simu imeegemezwa juu ya mto. Mwalimu katika kioo humwonyesha mishiko mitatu, yaani namna tatu za kukandamiza nyuzi kwa pamoja, na kumwahidi kwamba kwa mishiko hiyo ataweza kupiga nyimbo mia. Ahadi hiyo si ya uongo. Kijana husimamisha picha, hukitazama kidole, huirudisha nyuma, huipunguza mwendo mpaka nusu. Anapata alichokosa babu yake aliyekuwa na santuri. Mwanzoni hutatizwa na jambo moja: mwalimu amemkabili, na mkono wake uko upande usiolingana na wa kijana, kama mtu atazamaye kioo kisichogeuza. Mwenzi wa ubavuni hakuleta tatizo hilo, kwa kuwa shingo za magitaa yao zilielekea upande mmoja. Kijana huzoea. Vidole humuuma wiki za kwanza, ncha zake hukomaa, na nyuzi huanza kulia.

Je, mwalimu wa tatu hunyima nini? Wengine husema hunyima kwa sababu ya bei ya vifurushi vya intaneti, au kwa sababu masomo mengi ni ya Kiingereza. Hayo ni kweli, lakini ni mambo yanayoweza kurekebishwa. Masomo ya Kiswahili yamekwisha anza kuongezeka. Upungufu wenyewe hauko katika bei wala katika lugha. Mwalimu huyu ni kiziwi. Haoni wala hasikii. Uzi wa pili wa kijana umelegea, na mwalimu anasema vizuri, tuendelee. Kifundo cha mkono kimepinda vibaya, na mwalimu anatabasamu. Kosa likirudiwa mara mia huwa mazoea, na mazoea ya mkono ni magumu kung'oa kuliko ujinga. Mwenzi wa zamani angalicheka mara ya kwanza, na kicheko hicho kingalikuwa somo.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Santuri iliuficha mkono, mwanafunzi akabuni wa kwake. Video imeuonyesha mkono wote, na imeuonyesha kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja. Kijana wa Katumba, wa Manila na wa Lima huweka vidole vitatu mahali pamoja kwa siku moja, na kupiga mwendo mmoja. Hilo lenyewe si dhambi. Alfabeti nayo ni moja kwa watu wengi, na kila mtu huandika maneno yake. Hatari ni kudhani kwamba alfabeti ndiyo fasihi. Kidole gumba na shahada cha Katanga, penseli iliyofungwa shingoni, namna ya kugawana magitaa ya solo na ridhimu, hayo hayamo katika somo la kwanza la mgeni, na aghalabu hayamo hata katika la mia. Wale waliojifunza kwa mwenzi au kwa santuri, katika Rungwe kama katika Zambia na Kongo, sasa ni wazee, na wengi wamekwisha kufa na mikono yao.

Watu wa namna mbili hukosea katika jambo hili. Wa kwanza ni wazee wasemao kwamba asiyefundishwa na mtu hajafundishwa. Husahau kwamba rumba tunayoijivunia ilitoka kwa mwalimu ambaye hakuwa mtu, bali sahani nyeusi yenye mikwaruzo. Wa pili ni vijana wasemao kwamba mwalimu hahitajiwi tena. Husahau kwamba John Low alikuwa na sahani zote akakata tiketi. Historia ya gitaa haimpi ushindi hata mmoja wao. Inaonyesha kwamba walimu hawa watatu hawafutani. Santuri haikumwondoa mwenzi. Watu wawili walikaa mbele ya gramafoni moja, mmoja akishika sauti nzito na mwingine nyembamba, wakasahihishana. Video nayo haikulazimishwa na mtu yeyote kutazamwa kwa upweke. Upweke tumeuleta sisi kwa kuifanya simu kitu cha mtu mmoja.

Kwa hiyo yako mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la mwanafunzi. Atazame somo lake, lakini atazame pamoja na wenziwe wawili au watatu, kila mmoja na gitaa lake, au wote na gitaa moja likipokezanwa. Video itawapa mkono. Sikio watapeana wenyewe. Ukwangala wa mababu hauhitaji kijiji cha rika kujengwa upya. Wahitaji kibaraza, na saa moja ya jioni, na uhuru wa kuchekana bila kuoneana haya.

La pili ni la wasomi, na hasa wanafunzi wa vyuo vyetu watokao Rungwe, Kyela, Mbeya na Chunya. Kubik alibeba mashine ya sinema mgongoni mpaka Msumbiji. Mwanafunzi wa leo ana mashine iliyo bora kuliko ile ndani ya mfuko wake, nayo haimgharimu hata ukanda wa filamu. Akienda likizo kijijini na kumkuta mzee ajuaye kupiga kwa vidole viwili, amwombe ruhusa, aketi ubavuni pake wala si mbele yake, aielekeze kamera katika mikono badala ya uso, amwombe apige polepole, kisha kwa mwendo wake. Amwulize alijifunza kwa nani, kambi gani, mwaka gani, na ayaandike majibu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hawezi kutunzwa aliyekufa bila kutazamwa.

Siku hiyo kijana wa Katumba atakapoiegemeza simu yake juu ya mto, mwalimu atakayemtokea aweza kuwa mzee wa bonde la pili, akimwambia kwa lugha yake aweke gumba hapa na shahada pale. Mzee huyo naye hatamsikia kijana. Lakini baada ya somo kijana ataweza kulichukua gitaa lake, akavuka mto, na kwenda kumwuliza.